Mcheza Kwao Hutunzwa: Historia ya Shangwe za Kandanda na Sababu za Kufifia Kwake

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ilizaliwa katika uwanja wa ngoma, na ni vema tuanze kwa kuikumbuka maana yake ya asili. Kumtunza mchezaji ngoma ni kutoka katika duara la watazamaji, kumwendea pale alipo, na kumpa chochote ulicho nacho: sarafu, kitambaa, au neno la sifa. Mtu alitunzwa kwao kwa sababu waliomtazama walimjua, wakawajua na wazazi wake, na sifa aliyoipata ilikuwa sifa yao wote. Aliyekwenda kucheza ugenini aliweza kutazamwa, na pengine kusifiwa, lakini mkono wa kumtunza ulikuwa mzito.

Makala haya yanaitumia methali hiyo kuchunguza jambo linalosemwa sana na wazee na hata na watu wa makamo katika Mkoa wa Pwani, na katika mikoa mingine ya Tanzania, ya kwamba shangwe za viwanja vya mpira wa miguu si zile za zamani. Kauli ya namna hii yafaa ipokewe kwa hadhari. Kila kizazi huona kwamba sukari ya utoto wake ilikuwa tamu zaidi. Tena upo ushahidi wa kuipinga. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulioko Temeke, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye viti 60,000, hufurika watu Simba na Yanga zinapokutana. Mwezi Mei 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger ya Algeria katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, umati ulikuwa mkubwa hata msongamano wa malangoni ukasababisha kifo na majeraha. Taifa lililouchoka mpira halisongamani hivyo.

Basi swali letu haliwezi kuwa: kwa nini watu wameuacha mpira? Swali ni hili: kwa nini shangwe zimekusanyika mahali pamoja na kutoweka mahali pengi? Kwa nini katika barabara ile ile ya Morogoro, ukivuka mji wa Kibaha na kufika Mlandizi, unakuta uwanja ambao jina lake lilitangazwa redioni kila msimu, na ambao leo hauna mechi ya ligi kuu hata moja? Jibu tunalolitoa ni kwamba shangwe si wingi wa watu, wala si ukubwa wa sauti. Shangwe ni kazi ya wenyeji kumtunza mchezaji wao. Pakikosekana mwenyeji, au pakikosekana mchezaji aliye wao, kitakachobaki ni kelele au ukimya.

Neno Kucheza

Lugha yetu yenyewe inatoa fundisho la kwanza. Mswahili hucheza ngoma, hucheza bao, na hucheza mpira. Kitenzi ni kimoja. Lugha nyingine hutenga neno la ngoma na neno la michezo ya viungo, lakini sisi hatukuona haja hiyo. Mpira ulipofika pwani uliingia katika nyumba iliyokwisha jengwa, nayo ni nyumba ya mashindano ya ngoma, ambamo mtazamaji hakuwa mtu wa kukaa kimya. Katika ngoma za Wazaramo, mathalani mdundiko unaotembea njiani huku ukiongezeka watu kila nyumba inapopitwa, hakuna mstari unaowatenga kabisa wachezaji na watazamaji. Mtazamaji hupiga makofi, huitikia wimbo, hutunza, na mara huingia mwenyewe. Mtu aliyelelewa katika ada hiyo, akipelekwa kando ya uwanja wa mpira, hawezi kusimama kama mlingoti.

Mpira ulikuja kwa njia za shule, bandari na ofisi. Huko Unguja, wanafunzi wa Kiungani, shule ya misheni ya Waanglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, waliucheza kabla ya mwaka 1900. Jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Kibaha na Kisarawe ni kwamba chuo hicho kilihamia Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Minaki kilikuwa chuo cha walimu, na walimu waliohitimu hapo walitawanyika katika shule nyingi wakiwa, kwa namna ya kusema, na chaki katika mkono mmoja na mpira katika mkono wa pili. Hivyo kiwanja cha shule ndicho kilichokuwa uwanja wa kwanza wa mpira katika vijiji vingi, na mwalimu ndiye aliyekuwa mwamuzi wa kwanza. Jambo hili tutalirudia mwishoni.

Kutoka Beni hadi Kandanda

Mjini Dar es Salaam mpira uliukuta mchezo mwingine mkubwa, nao ni ngoma ya beni. Ngoma hii ilianza katika pwani ya Kenya, huko Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika, hasa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 na baada yake. Wachezaji wake waliiga gwaride na bendi za kijeshi; walivaa sare, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Vyama viwili mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti. Vilishindana kwa mavazi, kwa karamu, na zaidi ya yote kwa nyimbo. Wimbo wa upande mmoja ulimchokoza mpinzani, naye alirudi kwao akatunga jibu. Lakini tusidhani kwamba vyama hivyo vilikuwa vya kuchezea tu. Wanachama walisaidiana katika shida na walizikana. Kijana aliyetoka bara, asiye na ndugu mjini, alipata ndugu ndani ya chama.

Beni ilipofifia, ada ya mashindano haikufa. Watu wa mitaa ile ile walikuwa wamekwisha pata uwanja mwingine. Klabu ya Young Africans, tunayoiita Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ikaanza ile ambayo baadaye ilijulikana kama Sunderland, na ambayo mwaka 1971 iliacha jina hilo la kigeni ikajiita Simba. Mmoja akakaa Jangwani, mwingine Mtaa wa Msimbazi, umbali ambao mtu huutembea kwa miguu bila kutoa jasho. Kama vile Marini na Arinoti, klabu hizi nazo zilikuwa nyumba za watu. Wanachama walikutana barazani jioni, wakachangiana harusi na misiba, wakabishana, wakatunga nyimbo. Siku ya mechi ilikuwa kilele tu cha maisha ya wiki nzima.

Hapo ndipo siri ya shangwe ilipo. Wimbo ulioimbwa uwanjani siku ya Jumamosi haukuzaliwa siku hiyo. Ulitungwa barazani Jumanne, ukarekebishwa Jumatano, ukafundishwa Alhamisi, na wapinzani walikuwa wamekwisha usikia kabla ya Ijumaa, wakatunga jibu. Mashairi nayo hayakubaki nyuma. Magazeti ya Kiswahili kama Ngurumo, Uhuru na Mzalendo yaliwapa washairi nafasi ya kujibizana juu ya mambo ya nchi, na ulingo wa mpira ulikuwa miongoni mwa mambo hayo.

Utani na Mipaka Yake

Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Jina hili tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Yafaa tulisikilize, kwani utani si neno la mzaha tu. Ni taasisi ya jamii zetu yenye haki na wajibu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani wao unaunganishwa na zile safari ndefu za misafara iliyokuja pwani, ambapo mgeni aliyefika amechoka alihitaji kupokewa, na mwenyeji alihitaji kumjua mgeni wake. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako hathubutu. Anaweza kuingia msibani na kuwachekesha wafiwa. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi. Ruhusa ya kudhihaki hulipiwa kwa wajibu wa kusaidia. Anayedhihaki bila kuubeba wajibu si mtani, ni mtukanaji.

Kandanda yetu ilistawi ndani ya mipaka hiyo. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5-0. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ililipa kwa mabao 6-0, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Matokeo haya hayakubaki katika vitabu vya kumbukumbu. Yaligeuka kuwa lugha. Mtu alimwonyesha jirani yake vidole vitano, naye akajibiwa kwa sita, na hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Yanga iliposhinda 5-1 mwezi Novemba 2023, vijana ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1968 waliingia katika hesabu ile ile. Huo ni ushahidi kwamba mti haujafa. Tunachochunguza ni matawi yaliyokauka.

Miaka ya Timu za Mikoani

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Kwa muda mrefu vikombe vilikwenda Kariakoo, lakini tukitazama ubingwa peke yake hatutaelewa shangwe zilikuwa wapi. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Mbeya iliushangaza umma kwa kufanya hivyo hivyo, na mwaka 1988 ikafuata Coastal Union ya Tanga. Timu nyingine za mikoani nazo ziliogopwa nyumbani kwao. Songea walikuwa na Majimaji, Mwanza walikuwa na Pamba, Bukoba walikuwa na RTC Kagera, Moshi walikuwa na Ushirika, Dodoma walikuwa na CDA, na Morogoro walikuwa na Reli.

Majina haya yanastahili kusomwa polepole. Pamba ni zao. Ushirika ni chama cha wakulima. Reli ni wafanyakazi wa gari la moshi. RTC ilikuwa kampuni ya biashara ya mkoa, na CDA ilikuwa mamlaka iliyopewa kazi ya kuujenga mji mkuu. Timu nyingi zilibebwa na mashirika ya umma, na wachezaji wake wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika hayo. Mlinda mlango aliyedaka mpira Jumamosi ndiye aliyeonekana Jumatatu karakanani au nyuma ya kaunta. Watu walimjua kwa jina, wakamjua mkewe, wakajua deni lake dukani. Alipokosa penalti hakuweza kujificha, na alipofunga bao hakukosa wa kumtunza. Huyo ndiye mcheza kwao.

Redio haikuua shangwe za wakati huo, ilizikuza. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipotangaza mpira, watangazaji mfano wa Ahmed Jongo waliwafanya wasikilizaji wauone uwanja kwa masikio. Mwaka 1979 Simba ilifungwa na Mufulira Wanderers ya Zambia mabao 4-0 hapa Dar es Salaam, kisha ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Mwaka huo huo Taifa Stars ilitoka sare ya 1-1 huko Ndola, kwa bao la Peter Tino, na kupata tiketi ya fainali za Afrika za mwaka 1980 nchini Nigeria. Walio wengi waliyapokea mambo haya wakiwa wamezunguka redio moja chini ya mwembe au barazani kwa mtu. Redio ilikusanya watu, haikuwatawanya. Na kwa kuwa haikuonyesha sura, iliacha nafasi ya msikilizaji kutaka kuona kwa macho yake timu ya mkoa wake itakapocheza.

Hata hivyo haitupasi kuipaka miaka hiyo rangi isiyokuwa yake. Palikuwa na ngumi viwanjani. Palikuwa na waamuzi waliokimbizwa, na imani za kishirikina zilizomaliza fedha za klabu. Wanawake walikuwa wachache jukwaani, na katika jambo hili zama za sasa zimeendelea mbele. Tunachokisifu ni uhusiano uliokuwapo kati ya mchezaji na mahali alipotoka.

Mambo Manne Yaliyofifisha Shangwe

Kwanza, timu za mikoani ziliondokewa na walezi wake. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalibinafsishwa, mengine yakafungwa. Shirika lisiloweza kulipa mishahara ya wafanyakazi haliwezi kununua viatu vya mpira. Timu zilizokuwa fahari ya mikoa zikashuka madaraja moja baada ya nyingine. Zilizosalimika katika nafasi hiyo ni za majeshi, ambayo yalibaki na watu na nidhamu, na zile za makampuni, kama Mtibwa Sugar iliyotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000.

Pili, ikaja televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake mwaka 1994. Punde yakaenea mabanda ya kuonyeshea mpira, ambayo wananchi kwa ucheshi wao waliyaita vibanda umiza, kwa sababu mtu hukaa humo amebanwa, kwenye benchi lisilo na mgongo, katika joto. Humo ndimo vijana wa Mlandizi na Maneromango walimojifunza kuzipenda timu za London na Manchester. Hatuwalaumu, mpira mzuri ni mzuri popote uchezwapo. Lakini kioo kina tabia moja: hakisikii. Unaweza kukipigia makofi na kukiimbia usiku kucha, mchezaji wa upande wa pili hatajua kwamba upo. Kizazi kilichojifunza kushangilia mbele ya kioo kimejifunza kutazama, hakikujifunza kutunza.

Ligi yetu nayo iliingia kiooni mwaka 2013, Azam TV ilipoanza kuionyesha, na mwaka 2021 ukatiwa saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Fedha hizo zimewalipa wachezaji mishahara ambayo wazee wao hawakuiota, na hilo ni jema. Lakini kila jema lina bei yake. Ratiba ya mechi hufuata mahitaji ya kamera, na mechi nyingi huchezwa siku za kazi, wakati mkulima yuko shambani na mwanafunzi yuko darasani.

Tatu, utani umepoteza mipaka yake. Mtani wa zamani alidhihaki uso kwa uso, na kesho yake alikutana na aliyemdhihaki kisimani au msibani. Leo dhihaka hurushwa kwa simu na mtu asiyeonekana, kwa mtu asiyemjua. Wajibu umeondoka, umebaki uhuru wa kusema. Na kama tulivyokwisha eleza, utani usio na wajibu ni matusi. Aidha kazi ya kuchangamsha watu imehamia ofisini. Klabu kubwa zina wasemaji wa kulipwa, magari ya matangazo, na sherehe zao za kila mwaka, kama Simba Day iliyoanza mwaka 2009 na Wiki ya Mwananchi iliyoanza mwaka 2019. Sherehe hizo zinapendeza na hujaza uwanja. Lakini wimbo unaopigwa kwa vipaza sauti vikubwa humnyima mshangiliaji nafasi ya kuanzisha wake. Fundi mmoja akishika kinanda, mia moja huacha kuimba.

Nne, chemchemi imezibwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa kwa miaka kadhaa. Yalirejeshwa baadaye, lakini watoto waliopita shuleni katika miaka hiyo walipita bila kujua ladha ya kuimbia timu ya shule yao. Pamoja na hilo, miji imekua na viwanja vya wazi vimepungua. Mahali ambapo watoto walicheza mpira wa makaratasi, leo pamesimama nyumba na vibanda vya biashara. Kibaha, mji unaokua kwa kasi kwa kuwa mlango wa Dar es Salaam, unalijua jambo hili vizuri.

Mfano wa Mlandizi

Sasa tutazame mambo hayo yote yalivyokutana katika mahali pamoja. Ruvu, katika Wilaya ya Kibaha, ni jina lenye heshima katika historia ya majeshi yetu na ya Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963. Jina hilo lilibebwa na timu mbili za ligi kuu. Moja ilikuwa JKT Ruvu. Leo timu hiyo inaitwa JKT Tanzania, na nyumbani kwake ni Mbweni, Dar es Salaam. Nyingine ilikuwa Ruvu Shooting, iliyocheza katika Uwanja wa Mabatini, Mlandizi.

Mwezi Mei 2022 Ruvu Shooting ilitakiwa kuwa mwenyeji wa Yanga. Mechi hiyo ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mlandizi, na ikaisha bila bao. Msomaji asiharakishe kulaumu. Timu ndogo huishi kwa kudra. Mapato ya mlangoni ya mechi moja dhidi ya Yanga au Simba, katika uwanja mkubwa wa mji wenye kiu, yanaweza kuisaidia timu muda mrefu. Wananchi wa Kigoma nao wana haki ya kuiona timu waipendayo. Tena kuhamisha mechi si jambo jipya: mwaka 1974 Simba na Yanga zilichezea ubingwa katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, na Yanga ikashinda 2-1. Lakini iko tofauti. Mwaka 1974 hapakuwa na mwenyeji aliyenyimwa kitu. Mwaka 2022 mtoto wa Mlandizi aliyengoja mwaka mzima aione timu ya kwao ikimkabili bingwa, aliambiwa kwamba timu yake iko nyumbani, na nyumbani ni Kigoma.

Mwishoni mwa msimu wa 2022/2023 Ruvu Shooting ilishuka daraja. Hatudai kwamba ilishuka kwa sababu ya mechi moja kuhamishwa. Tunasema tu kwamba timu ikizoea kucheza ugenini hata inapokuwa mwenyeji, siku ya kuanguka haitapata mkono wa kuishika. Wala si Ruvu peke yake. Ihefu, iliyotoka Mbarali mkoani Mbeya, ilihamia Singida, na tangu mwaka 2024 inaitwa Singida Black Stars. Timu imekuwa kama duka: biashara ikipungua hapa, hufungwa na kufunguliwa pale. Aliyekuwa akiimba Mbarali aimbe nini?

Upo ukweli mmoja mchungu zaidi ambao haki inatulazimisha tuuseme. Hata mechi ile ingechezwa Mabatini, sehemu kubwa ya watu wa Mlandizi wangekaa upande wa Yanga, kama ambavyo siku nyingine wangekaa upande wa Simba. Mapenzi ya timu za Kariakoo yameenea nchi nzima tangu enzi za redio. Hapo kale hayo yalikuwa mapenzi ya pili kwa watu wengi wa mikoani: mtu alikuwa wa Majimaji kwanza, kisha wa Simba au wa Yanga. Leo kwa vijana wengi yale mapenzi ya kwanza hayapo kabisa, na nafasi yake imechukuliwa na timu ya Ulaya. Ndiyo sababu timu mbili za mikoani zikikutana, jukwaa huwa tupu hata kama kiingilio ni shilingi chache. Hakuna ugomvi, hakuna wimbo, hakuna anayeona haya kushindwa. Na pasipo na anayeona haya kushindwa, hapana atakayefurahi kushinda.

Neno kwa Walimu na Wanafunzi

Mwaka 1962, Serikali ya Jamhuri ya Tanganyika ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ilitambua kwamba taifa haliwezi kuishi kwa kutazama michezo ya wengine. Wakati ule hofu ilikuwa kwamba vijana wanazijua ngoma za Ulaya na hawazijui za babu zao. Leo hofu hiyo imeingia hata katika mchezo tulioupokea kutoka Ulaya na kuufanya wetu. Tuliuchukua mpira tukautia beni, utani, mdundiko na mashairi; tukiyaondoa hayo, tutarudishiwa mpira ule ule kama ulivyokuja, tena kwa ada ya mwezi.

Tiba haiwezi kuanzia katika uwanja wa watu 60,000. Itaanzia pale mpira ulipoanzia, yaani shuleni, chini ya mwalimu. Wilaya zetu hazina upungufu wa mahali pa kuanzia. Minaki ipo Kisarawe. Shirika la Elimu Kibaha, lililozaliwa kutokana na mradi wa nchi za Nordic na kukabidhiwa kwa taifa letu mwaka 1970, lina shule na viwanja. Mkuza ziko shule za Filbert Bayi, mwanariadha aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja fedha za mtu. Kwanza, wanafunzi wapelekwe kwa wazee wa mitaa yao wakaandike nyimbo za mpira wanazozikumbuka, na habari za timu za zamani za vijiji vyao, kwani wazee hao wanapungua kila mwaka na nyimbo hizo hazimo vitabuni. Pili, katika mechi za shule kwa shule, washangiliaji nao wapewe kazi: kila upande utunge wimbo wake na kuujibu wa wenzao, kwa sharti la utani, kwamba asiyeweza kumpa mpinzani maji baada ya mechi asiruhusiwe kumdhihaki kabla ya mechi. Tatu, kiwanja cha shule kilindwe kama darasa linavyolindwa, kwa mipaka na kwa hati. Kiwanja kikiisha jengwa hakirudi.

Methali yetu husema kwamba mcheza kwao hutunzwa, lakini haitaji mtunzaji. Wahenga hawakuona haja ya kumtaja, maana walipoitamka alikuwa amesimama papo hapo katika duara. Leo hatuna budi kumtafuta na kumfundisha upya, na pa kumpata ni darasani, miongoni mwa watoto ambao Ijumaa alasiri watatoka kwenda kuishangilia timu ya shule yao.